Kuhamisha tovuti za wateja bila kuzimika: geuza seva kwanza, DNS iwe ya mwisho

Fundi_Katuba (mleta uzi)

Jambo yenu ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na nyinyi wa Goma na Bukavu mnaopita hapa.

Wiki iliyopita nimemaliza kuhamisha tovuti 14 za wateja wangu kutoka seva moja (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwenda nyingine. Hakuna mteja aliyenipigia simu. Mwaka 2022 nilihamisha tatu tu, na simu haikunyamaza siku mbili. Nataka kueleza kilichobadilika, kwa sababu vijana wengi hapa mjini bado wanafundishwa njia ile ile iliyoniumiza mimi: nakili mafaili, badilisha DNS (tangazo linaloonyesha domeni, yaani jina la tovuti, iko kwenye seva ipi), subiri saa 48, omba Mungu.

Nianze na maumivu yenyewe. Nilikuwa na mteja wakala wa forodha, kazi zake zote ni za mpaka wa Kasumbalesa. Nikamnunulia hostingi mpya (nafasi ya kukodi kwenye seva), nikanakili tovuti, nikabadilisha seva za majina za domeni yake, zile zinazotunza DNS yake. Tovuti ikafunguka vizuri kabisa. Nikafunga kompyuta nikalala. Ambacho sikukiangalia ni kwamba kule kupya rekodi ya MX ilijitengeneza yenyewe, ikitangaza kuwa barua za domeni hii sasa zije kwenye seva mpya. Na kwenye seva mpya hakukuwa na sanduku la barua hata moja. Kila aliyemwandikia alirudishiwa 550 5.1.1, maana yake mtu huyu hapa hatumjui. Kulipokucha kulikuwa na lori limesimama mpakani likingoja karatasi ambazo zilitumwa na kurudi zilikotoka.

Yule baba hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba tovuti yeye haitazami, yeye anaishi kwa barua pepe. Neno hilo sijalisahau.

Sasa hebu tuelewane kuhusu DNS. DNS ni tangazo. Ukilibadilisha, wengine wanalisikia leo, wengine wanabaki na lile la zamani mpaka muda wake uishe. Muda huo ndio TTL, unahesabiwa kwa sekunde. Kwenye cPanel, ile paneli ya kusimamia hostingi, utakuta 14400, yaani saa 4. Kwingine utakuta 86400, siku nzima. Na ukibadilisha seva za majina za domeni ya .com, kule juu zimewekewa 172800, siku mbili, na hiyo wewe huna mkono wa kuipunguza. Kwa hiyo katika muda wote huo wateja wa mteja wako wamegawanyika: huyu anaagiza kwenye seva ya zamani, yule kwenye mpya. Agizo lililoandikwa kwenye hifadhidata ya zamani halitaonekana kwenye mpya. Hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya. Tovuti iko wazi, kila mtu anafurahi, na maagizo yanapotea kimya kimya.

Ndiyo maana nasema kuhama kusifanywe na DNS. Ifanye seva ya zamani yenyewe ipokee mgeni na kumpitisha kwenye seva mpya. Hapo kugeuka kunatokea kwa sekunde uliyoichagua wewe, kwa watu wote kwa pamoja. DNS unaibadilisha kesho yake, au keshokutwa, ukiwa umekula na kulala.

Naendelea hapo chini, watoto wananiita.

---

mdogo_wa_Kampemba

Yaya, asante. Mimi nina tovuti 6 za kuhamisha kabla hostingi haijaisha. Shida yangu ni mafaili. Moja ina picha za GB 22. Nimejaribu kuzishusha kwenye kompyuta yangu ili nizipandishe upya, umeme umekatika mara mbili, na MB zote zimeisha. Nianzie wapi?

---

Fundi_Katuba

Mdogo wangu, usipitishe kitu nyumbani. Hata MB moja. Seva zote mbili ziko kwenye majengo yenye umeme na laini nene. Waache wapeane wenyewe. Wewe kazi yako ni kutoa amri tu.

Unaingia kwenye seva mpya kwa SSH (njia salama ya kutoa amri ukiwa mbali), unafungua tmux (dirisha la amri linalobaki wazi kule kule kwenye seva), ndani yake unaanzisha rsync, programu ya kunakili, ivute mafaili kutoka seva ya zamani. tmux ndiyo dawa ya hapa kwetu: umeme ukikatika Kampemba, simu ikiisha chaji, mvua ya Novemba ikibomoa mtandao, ile kazi inaendelea kule. Ukirudi unaandika tmux attach na unaikuta pale pale. Bila tmux, laini ikikatika na kunakili kunakufa nayo, na utagundua asubuhi.

Mzunguko wa kwanza wa rsync unaufanya siku nyingi kabla, mchana kweupe, tovuti ikiendelea kufanya kazi. Zile GB 22 zitachukua muda wake, hakuna shida. Siku ya kuhama unarudia amri ile ile, na safari hii inabeba tu vilivyobadilika. Kwangu mzunguko wa mwisho wa tovuti kubwa kuliko zote ulimalizika kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Kisha jaribu tovuti kwenye seva mpya kabla mtu mwingine hajaiona. Kwenye kompyuta yako fungua faili la hosts (kwenye Linux ni /etc/hosts, kwenye Windows ni C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts), andika anwani ya IP (namba) ya seva mpya na jina la domeni. Sasa kivinjari chako peke yake kinaona seva mpya, dunia nzima bado inaona ya zamani. Bonyeza kila kitu. Ingia, toka, tuma fomu, pakia picha. Usitazame ukurasa wa mbele tu. Na ukimaliza futa ule mstari, usije ukajidanganya baadaye.

Usiku wa kuhama ninafuata mpangilio huu. Naiweka tovuti ya zamani katika hali ya kusomwa tu, maana yake mgeni anasoma lakini hakuna anayeandika. Nazima kazi za kroni za kule, zile zinazojiendesha kwa ratiba. Natoa hifadhidata kwa mysqldump (amri ya kuinakili kwenye faili) na --single-transaction, naipakia kwenye seva mpya, narudia rsync. Halafu kwenye Nginx (programu inayowafungulia wageni tovuti) ya seva ya zamani, mahali palipokuwa panafungua tovuti, naweka:

proxy_pass https://IP-MPYA;
proxy_set_header Host $host;
proxy_set_header X-Forwarded-For $remote_addr;
proxy_ssl_server_name on;
proxy_ssl_name $host;

Mistari miwili ya mwisho wengi wanaisahau. Bila hiyo seva mpya haijui, wakati wa kuanzisha HTTPS, ni domeni gani inayoitwa, na kama ina tovuti kadhaa inaweza kutoa cheti cha ile ya kwanza, au kukataa kabisa. Na bila mstari wa Host unaweza ukamfungulia mteja wa hoteli tovuti ya shule.

nginx -t kuhakikisha hujakosea kuandika, kisha reload, yaani isome usanidi upya. Basi. Umehama. Kwa tovuti nyingi, tangu kuziweka za kusomwa tu hadi reload zilipita chini ya dakika tatu.

Kwenye skrini nafungua terminali mbili, kushoto logi (daftari la kila anayefika) ya seva ya zamani, kulia logi ya mpya, zote mbili na tail -f. Saa ukutani inasema 23:40, logi zinasema 21:40 kwa sababu seva zinafuata UTC, saa ya dunia, na sisi wa Lubumbashi tuko saa mbili mbele (ndugu wa Kinshasa saa moja, kumbukeni hilo mnapomwandikia mteja wa kule saa ya kuhama). Unaona mstari unaingia kushoto, na papo hapo ndugu yake anatokea kulia. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kila mgeni anapita mlango wa zamani na kuhudumiwa nyumba mpya, wala hajui. Kesho yake nikishabadilisha rekodi A (mstari wa DNS unaotaja IP ya tovuti), kulia kunaendelea kujaa na kushoto kunaanza kupungua. Kabla ya hapo TTL nilishaishusha hadi 300 siku mbili nyuma, ili ile 14400 ya zamani iwe imeisha kwa kila mtu.

Kama tovuti mpya ina kasoro, unarudisha usanidi wa zamani na reload, sekunde tano. Lakini amua haraka. Watu wakishaanza kuandika maagizo kwenye hifadhidata mpya, kurudi nyuma maana yake ni kuyaacha maagizo hayo. Mimi najipa dakika kumi za kukagua kabla sijaruhusu fomu zifunguke.

---

Ruashi_Net

Mkubwa, kazi nzuri, ila mbona njia ndefu? Weka domeni nyuma ya Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya wageni na seva, wageni wote wapite kwao, ukitaka kuhama unabadilisha anwani ya seva kwenye paneli, inageuka karibu papo hapo. Hakuna kugusa Nginx.

---

Fundi_Katuba

Ni kweli, na kwa tovuti ambazo tayari ziko pale ndivyo nilivyofanya, nne kati ya zile 14. Mgeni anaendelea kuona anwani za Cloudflare, kwa hiyo TTL haimhusu.

Ila kumpeleka pale mteja ambaye hayuko pale ni kubadilisha seva za majina, na hapo ndipo tulipopotelea mwaka 2022. Cloudflare wanapokuja kusoma rekodi zako kwa mara ya kwanza hawapati zote kila mara. Nakili kwa mkono kila rekodi uliyo nayo kwenye DNS ya zamani, mstari kwa mstari: MX, SPF, DKIM, DMARC (zote hizi ni za barua pepe), vijidomeni vidogo ambavyo fundi aliyekutangulia aliviweka na hakuna anayevikumbuka. Na kama DNSSEC (sahihi za kulinda DNS) imewashwa, izime kwanza kwa msajili, yaani kampuni iliyoandikisha domeni, ngoja ile DS ya juu (rekodi inayothibitisha sahihi hizo) iishe muda, ndipo uhamishe seva za majina. Ukiacha DS ya zamani, wanaokagua sahihi watakataa domeni nzima, tovuti na barua kwa pamoja.

Kwa hiyo fanya mapema, mwezi kabla, kama kazi yake peke yake. Usiichanganye na kuhama. Mimi siku hizi nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hata PHP, lugha inayoendesha tovuti. Toleo la 7.4 liliacha kupokea marekebisho ya usalama Novemba 2022, na wateja wangu wawili bado walikuwa nayo. Niliwahamisha wakiwa na 7.4 hiyo hiyo, nikaacha siku kadhaa zipite, ndipo nikapandisha. Ukibadilisha seva na PHP usiku mmoja, na ukurasa ukawa mweupe, utajuaje mwenye kosa ni nani?

---

Goma_Birere

Ndugu wa Katuba, hujambo. Mimi nilihama mwezi uliopita, tovuti ilifunguka lakini herufi za Kifaransa zote zimeharibika. Société inaandikwa SociÃ©tÃ©. Mteja ni kampuni ya kuuza kahawa, wanunuzi wake wako Ulaya, amekasirika sana. Nimeanza kurekebisha ukurasa mmoja mmoja.

---

Fundi_Katuba

Ndugu, simama hapo hapo, usirekebishe tena hata ukurasa mmoja. Ukirekebisha kwa mkono unachanganya zilizo sawa na zilizoharibika kwenye jedwali moja na hutaweza tena kuzitenganisha.

Herufi é katika UTF-8, njia ya kisasa ya kuhifadhi herufi, ni baiti mbili. Tovuti za zamani ziliandika baiti hizo mbili ndani ya jedwali lililotangazwa kuwa latin1 (njia ya zamani, baiti moja kwa kila herufi), na zikazisoma kwa latin1, kwa hiyo mbele ya macho kila kitu kilikuwa sawa miaka yote. Ulipotoa hifadhidata, mysqldump ikaamini tangazo la jedwali, ikageuza kila baiti kuwa herufi ya UTF-8. Baiti mbili zikawa herufi mbili, Ã na ©.

Kama seva ya zamani bado iko hai, rudi kule. Angalia SHOW CREATE TABLE, na kama inasema latin1, toa upya ukiweka --default-character-set=latin1 na --skip-set-charset, kisha kwenye lile faili badilisha latin1 kwenye maelezo ya majedwali iwe utf8mb4, na upakie kwa --default-character-set=utf8mb4. Fanya kwenye hifadhidata ya majaribio, si ile inayotumika. Tafuta neno moja unalolijua, mfano Société, lione kwa macho yako, kisha ndipo uhamishe. Na hakikisha tovuti nayo inaunganisha kwa utf8mb4.

Sisi tunaoandika tovuti za Kifaransa tunakutana na hili kuliko wenzetu. Ndiyo maana kwenye majaribio ya faili la hosts natafuta kwanza ukurasa wenye é, è na ç.

---

Goma_Birere

Seva ya zamani bado ina siku 9. Nimetoa upya kama ulivyosema, kwenye majaribio Société imetoka safi. Mungu akubariki.

---

MamaDuka_Kenya

Jambo baba. Mimi si fundi, nauza vipuri vya magari hapa komini ya Kenya, Lubumbashi. Kijana anayenitunzia tovuti ameniambia atahama mwezi huu. Nimuulize nini? Yote mnayosema hapa siyajui.

---

Fundi_Katuba

Jambo mama, karibu sana. Muulize kwanza barua pepe zako ziko wapi leo na zitakuwa wapi kesho. Akikujibu kwamba zitajihamia zenyewe, mwambie asubiri. Barua za zamani zinahamishwa kwa programu kama imapsync, sanduku kwa sanduku, na nywila za kila sanduku zinahitajika. Kama barua zako hazihami, basi MX isiguswe kabisa.

Halafu muulize domeni imeandikishwa kwa jina la nani na kwa barua pepe ya nani. Hili ni kubwa kuliko seva. Seva ikifa unanunua nyingine, lakini jina likiwa la mtu mwingine, ni lake. Liwe kwa jina la duka lako na kwa barua pepe unayoifungua wewe mwenyewe, tena isiwe ile inayoishia na domeni hiyo hiyo, maana siku domeni imekwama na barua ya kuikomboa itakwama.

Na mama, kama unapokea malipo ya simu kwenye tovuti, mkumbushe aandikie kampuni ya malipo mapema. Nyingi zinakubali maombi kutoka anwani ya IP waliyoiandika tu. Tovuti itafunguka, mteja atachagua kipuri chake, atabonyeza kulipa, na hakuna kitakachotokea.

---

Bukavu_Kadutu

Hilo la domeni limenigusa. Mteja wangu ni shule, aliyeisajili domeni ya .com aliondoka nchini, hapokei simu. Nifanye nini?

---

Fundi_Katuba

Shule iandike wenyewe kwa msajili, si wewe, wakiambatanisha karatasi za kuonyesha wao ni nani na risiti zozote za kulipia jina hilo. Endeleeni kulitazama tarehe ya kuisha, na kama msajili anaruhusu mtu yeyote kulilipia, lipieni. Na usijaribu kuhamisha hostingi na msajili kwa pamoja. Domeni ya .com ikishahamishiwa msajili mpya kwa kawaida inafungwa siku 60 bila kuhama tena, hutaki kuwa katikati ya hapo wakati shule zinafunguliwa Septemba.

---

Ruashi_Net

Mkubwa, swali la ukweli. Tovuti 14, hakuna kosa hata moja lililoonekana kwa mgeni?

---

Fundi_Katuba

Umeniuliza vizuri, nami nijibu sawasawa. Nilisema hakuna aliyepiga simu. Kosa lilikuwepo.

Tovuti ya tatu, ya hoteli, ina plagini (programu ya nyongeza) ya usalama. Nilipogeuza, wageni wote wakaanza kufika seva mpya wakitokea anwani moja, ile ya seva ya zamani. Plagini ikaona mtu mmoja anafungua kurasa mia kwa dakika, ikamfungia. Nikaona kulia kwenye logi 403, 403, 403, yaani umekatazwa kuingia. Dakika nne. Ilikuwa karibu usiku wa manane, lakini mtu fulani alikuwa anatafuta chumba muda ule na akakuta mlango umefungwa. Sijui ni nani.

Ndiyo kazi ya X-Forwarded-For kule juu, kubeba anwani ya kweli ya mgeni. Nilikuwa nimeituma kutoka seva ya zamani, ila sikuifundisha seva mpya kuiamini. Kwenye Nginx mpya unaweka set_real_ip_from na anwani ya seva ya zamani peke yake, na real_ip_header X-Forwarded-For, ndipo plagini inaona anwani za kweli za wageni. Usiweke iamini kila mtu, maana yeyote ataweza kujiandikia anwani anayotaka. Tovuti zilizofuata niliziwekea kabla.

Na kuna jingine ambalo hata wateja hawakuliona, ila mimi nililiona. Wateja wawili barua zao ziko kwa kampuni nyingine, siyo kwenye seva. Seva mpya ilipotengeneza akaunti zao ikajidhania kuwa ndiyo nyumba ya barua za domeni hizo. Kwa hiyo fomu ya mawasiliano ilipotumwa, seva haikuangalia MX, ikajiwekea barua ndani yake yenyewe, kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kwenye cPanel mahali hapo panaitwa Email Routing, chagua Remote. Nilizikuta barua tano humo, nikawatumia wenyewe kwa mkono, nikawaeleza kilichotokea.

---

mdogo_wa_Kampemba

Yaya, nimerudi. Mbili zimehama usiku wa jana. Ya GB 22 rsync ya mwisho ilichukua dakika moja na nusu. Umeme ulikatika katikati, nikaingia kwa simu, tmux attach, kitu kiko pale kinatembea. Nilitaka kulia.

Swali moja: moja iko kwenye hostingi ya pamoja (seva moja, wateja wengi), sina ruhusa ya kugusa Nginx wala Apache yao. Nitapitishaje wageni?

---

Fundi_Katuba

Hongera sana mdogo wangu.

Kwenye hostingi ya pamoja mara nyingi huwezi kupitisha. Hapo fanya hivi: shusha TTL hadi 300 mapema, fungua hifadhidata kwenye seva mpya na uiruhusu anwani ya ile ya zamani tu, kwa muunganisho uliofichwa. Saa ya kuhama, tovuti ya zamani ibadilishiwe wp-config.php (faili la usanidi la WordPress) isome hifadhidata ya seva mpya. Sasa nyumba mbili zina daftari moja, na agizo likitoka popote linaandikwa pale pale. Itakuwa polepole kidogo kwa wale waliobaki kule, na picha zitakazopakiwa kule utazifuata kwa rsync au FTP. Uliza kwanza kama hostingi yao inaruhusu kutoka kwenda hifadhidata ya nje, zingine zinazuia. Zikizuia, weka ya zamani isomwe tu mpaka logi yake inyamaze, na umwambie mteja mapema.

Na cheti cha HTTPS: nakili kile cha zamani pamoja na ufunguo wake kwenye seva mpya, ili HTTPS ifanye kazi tangu dakika ya kwanza. Kwa zile zenye Nginx, pitisha na mlango wa 80 (HTTP) pia, siyo 443 (HTTPS) peke yake, ndipo Let's Encrypt, watoa vyeti, ikija kukagua itafikishwa seva mpya hata kabla hujabadilisha DNS.

---

mdogo_wa_Kampemba

Na seva ya zamani niizime lini?

---

Fundi_Katuba

Itakuambia yenyewe. Usiitazame kalenda, tazama logi. Ondoa roboti za kutambaa, uone waliobaki. Na kagua rekodi ya AAAA (ndugu ya rekodi A, kwa anwani za aina mpya za IPv6), mimi kwenye tovuti moja niliisahau, kila mwenye IPv6 alikuwa bado anapita mlango wa zamani siku ya tano.

Yangu, mtu wa mwisho wa kweli kwenye logi ya kushoto alikuwa Jumamosi, saa 14:12 ya UTC. Alifungua bei za vipuri, akapitishwa, akahudumiwa. Nikangoja siku saba nyingine, nikachukua bekapu nzima, nikaifungua kuhakikisha inafunguka. Ndipo nikaikata.